Puli Iliyolika Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Mzee Tupa alipita meza kwa meza ndani ya karakana ya chuo akipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye taya za majiliwa, yale mabano ya chuma yaliyofungwa mezani kwa ajili ya kushikia kazi. Yalikuwa kumi na mawili. Hakuwa anatafuta kitu. Aliyapapasa tu, kama mzazi anavyowashika watoto vichwa kuona nani ana homa. Akifika la mwisho ndipo anatundika koti, anavaa ovaroli, na siku inaanza.

Jina la Mzee Tupa alipachikwa na wanafunzi, kwa kuwa tupa ndiyo aliyowakabidhi siku ya kwanza, wakasugua chuma nayo wiki sita mpaka viganja viote sugu. Jina lake la kwenye karatasi walilijua karani na mkewe basi. Karakana ile alikuwa nayo mwaka wa kumi na tisa. Aliingia chuoni kuchomelea geti. Alipomaliza geti akaambiwa subiri, kuna dirisha. Baada ya dirisha kukawa na mashine ya kutobolea, baada ya mashine kukawa na mwalimu aliyeugua, na hivyo hivyo mpaka mvi zikamkuta humo humo.

Chuo kilifundisha uhandisi wa jumla. Kila mwaka wapya walipoingia, yeye ndiye aliyewapanga mstari na kuwaambia maneno yale yale.

"Mwaka huu mtaonjeshwa kila kitu. Umeme kidogo, maji kidogo, majengo, mashine, joto, michoro. Msije mkasema hamshibi. Mwakani kila mtu atachagua sahani yake. Kuna atakayejenga madaraja, kuna wa mitambo ya hospitali, kuna wa viwandani, kuna atakayekaa ofisini kwenye kiyoyozi anasaini tu. Wote mtaanzia hapa kwangu, na tupa."

Wanafunzi wakicheka, naye anacheka.

Mwaka ule waraka ukaja. Mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, alimwita ofisini akamsomea mwenyewe. Kuanzia mwaka unaofuata, asiye na cheti cha uhandisi wa jumla hataruhusiwa kufundisha, iwe darasani, iwe karakana.

"Mimi sina," Mzee Tupa alisema.

"Najua huna. Ndiyo maana nimefunga mlango."

"Kwa hiyo natoka?"

"Nani kasema unatoka? Asubuhi utafundisha, mchana utasoma. Utakaa na mwaka wa kwanza, utafanya mtihani wao. Ukifaulu, karakana ni yako mpaka ustaafu. Usipofaulu..." Mama akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. "Usipofaulu, mzee wangu, mkono wangu haufiki huko."

Alitoka pale akarudi karakana. Nje ya karakana hakujua kazi nyingine, wala hakujua mtu anaamkaje asubuhi bila kuwa na pa kwenda.

Mchana wa kwanza aliingia darasani na daftari jipya kwapani. Vijana arobaini wakanyamaza ghafla, wakidhani amekuja kumtafuta aliyevunja msumeno. Akatafuta kiti. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye asubuhi ile ile Mzee Tupa alikuwa amemrudishia kazi yake mara tatu, akasogea.

"Mzee, kaa hapa. Ila usinichungulie."

"Nikuchungulie wewe? Pembe mraba tu imekushinda."

"Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa hivi tuko hesabu. Huku hakuna tupa."

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee Tupa akakaa.

Ajabu ni kwamba mengi hayakumshinda. Mwalimu alipoeleza nguzo inavyopinda ikibebeshwa mzigo, yeye tayari alijua itakatikia wapi, alikuwa ameziona zilizokatika. Alichokosa ni sababu, na sasa sababu zilikuwa zinamwagwa ubaoni bure. Alianza kurudi nyumbani akizungumza peke yake njiani. Kumbe chuma kinachoka! Kinachoka kama mtu, kwa kukunjwa na kukunjuliwa, hata kama mzigo wenyewe si mkubwa. Alikuwa ameviona vyuma vilivyochoka miaka yote hiyo akidhani vililetwa vibovu toka dukani.

Kilichomkaba koo ni mchoro. Mwalimu wa mchoro alikuwa kijana ambaye Mzee Tupa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika tupa, na mpaka leo alimwamkia kwa mikono miwili.

"Mzee wangu," kijana alimwambia kwa sauti ya chini asimwaibishe, "hapa umechora picha. Mimi nataka mchoro. Nipe kutoka mbele, kutoka juu, kutoka pembeni. Vitatu, na vikubaliane."

"Kitu chenyewe ni kimoja. Vitatu vinatoka wapi?"

Jumapili mchana alikuwa bado anajiuliza hilo, karatasi zimejaa meza ya kulia. Mkewe alikuwa fundi cherehani, kazi aliifanyia sebuleni, na siku hiyo alikuwa sakafuni na chaki anakata blauzi ya mteja. Akamsikiliza mumewe anavyoguna mpaka akachoka.

"Baba, wewe ukiangalia blauzi unaona nini?"

"Naona blauzi."

"Mimi naona kifua, mgongo, mikono miwili na kola. Vimelala hapa chini, hamna mtu ndani. Njoo uone." Akamvuta mkono mpaka akapiga magoti. "Hapa bega la mbele. Hapa bega la nyuma. Yasipolingana, mteja anarudi na kelele. Hicho chuma chako kifumue hivyo hivyo."

Mzee Tupa aliipitia ile blauzi kipande kwa kipande. Halafu akacheka mwenyewe. "Miaka yote hii tunaishi na mhandisi humu ndani."

"Mhandisi asiyelipwa. Inuka, unanikanyagia kitambaa."

Tangu siku hiyo mistari ikaanza kumtii. Kwa hiyo mtihani ulipofika aliingia bila kutetemeka.

Mtihani wa mchoro ulisimamiwa na mtu wa nje. Alikuja mama mmoja mfupi, mchangamfu, mkaguzi wa lifti na mitambo ya kuinulia mizigo, na alikuja na kitu chake cha kuchorwa ndani ya mfuko wa turubai: puli ya chuma, gurudumu lenye mfereji ambamo kamba ya lifti hupita, linalozunguka juu ya beringi mbili za gololi, moja kila upande. Ilikuwa imetolewa kwenye lifti mbovu. Akaiweka mezani katikati, watu wakaipima kwa makundi, dakika kumi kumi, kisha kila mtu akarudi kwenye kiti chake kuandaa mchoro ambao fundi angeutumia kutengeneza puli mpya.

Mzee Tupa aliishika ile puli akaipapasa mfereji kwa ukucha. Akachukua kipimo, akapima upande wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto. Alichora kwa saa mbili bila kuinua kichwa. Yule binti wa kiti cha jirani alimwona akimaliza, akiweka kalamu chini, na uso umetulia kama wa mtu aliyetua gunia.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Hesabu, amepita. Umeme, amepita vizuri. Mchoro, thelathini na moja kwa mia.

Ofisini hakuitwa, alikwenda mwenyewe. Mkuu wa chuo alikuwepo, mwalimu wa mchoro alikuwepo amejikunyata kwenye kona kama aliyevunja chombo cha mtu, na mkaguzi alikuwa bado hajaondoka. Karatasi yake ilikuwa wazi juu ya meza.

"Sina ugomvi na maksi," Mzee Tupa alisema. "Nataka nionyeshwe kosa. Nimepima mara tatu."

"Kupima umepima," mkaguzi alisema. "Tatizo umepima mno. Hebu ona. Mfereji wako huku una kina hiki, huku una kina kile. Umezidisha nusu milimita upande mmoja."

"Sikuzidisha. Ndivyo ilivyo. Umelika."

"Ndiyo, umelika! Na wewe umeuchora umelika. Fundi akipewa mchoro huu atakutengenezea puli mpya ambayo tayari ni mbovu."

Mwalimu wa mchoro akaziba mdomo. Mkuu wa chuo naye akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mzee Tupa akautazama mchoro wake, na taratibu akaliona. Watoto wote arobaini walichora puli inavyotakiwa kuwa. Yeye peke yake alichora iliyokuwa mezani, na kila ilipougua.

"Ni kweli," akasema. "Nimefeli kihalali."

"Subiri kwanza," mkaguzi alisema. Hakuwa anacheka tena. Akaweka kidole kwenye maandishi madogo chini ya mchoro. "Hapa umeandika beringi ya kushoto ndiyo iliyokufa kwanza. Nani kakuambia?"

"Puli yenyewe. Ingekufa ya kulia, ingelalia kulia."

"Na hapa, kwamba walikuwa wanapaka grisi juu ya vumbi bila kufuta?"

"Mikwaruzo ile ni ya mchanga. Imezunguka na grisi. Chuma safi hakiliki hivyo."

Mama mkaguzi akamgeukia mkuu wa chuo. "Puli hii imekaa ofisini kwetu wiki tatu. Watu wanne wenye digrii wamebishana juu yake. Nimeileta huku kwa sababu nilishachoka kuiona." Akamrudia Mzee Tupa. "Watu wakipanda lifti hawajui kuna mtu alipita kabla yao akaangalia mambo haya. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunao vijana wanaojua kitu kinavyotakiwa kuwa. Anayejua kinavyokufa hatuna."

"Mimi nafundisha karakana," Mzee Tupa alisema.

"Bila cheti hufundishi. Bila cheti na mimi siwezi kukuchukua. Kwa hiyo kafute huo uchakavu, urudie mtihani. Ukishapata cheti, uamuzi ni wako."

Kurudia kuliruhusiwa kwa yeyote, baada ya wiki mbili. Akarudia. Wakampa ekseli, ule mhimili wa gurudumu, nayo ilikuwa imelika upande mmoja, akaichora mpya kama imetoka kiwandani jana. Sabini na nne kwa mia. Mkuu wa chuo alimshika mkono mbele ya walimu wote akasema karakana imepata mwenyewe. Vijana wakapiga makofi, yule binti akapiga mluzi mpaka akakaripiwa.

Ile furaha aliyoisubiri mwaka mzima aliingojea ije. Ikaja, lakini ikawa ndogo. Nyumbani alichezea chakula, mkewe akamwangalia weee, mpaka akaweka kijiko chini.

"Umefaulu au umefiwa?"

"Yule mama wa lifti ametuma ujumbe. Kiti bado kipo."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Sijamjibu." Akazungusha kikombe. "Unajua, kila mwaka nawapanga watoto nawaambia, huyu ataenda huku, yule ataenda kule. Hiyo kazi sijawahi kuwatajia hata siku moja. Sikujua kama ipo. Nilidhani ile tabia yangu ya kuangalia vilivyokufa ni ugonjwa wangu tu."

"Mwaka mzima umenisumbua, karakana, karakana. Umenikanyagia vitambaa vya watu kwa ajili ya karakana."

"Ndiyo hapo sasa. Nawaangaliaje wale watoto?"

Mkewe akavuta sahani zote mbili, akaweka moja juu ya nyingine. "Umri wako na mashimo ya lifti, nitakuwa sina amani. Nakwambia ukweli." Akanyanyuka nazo. Kutoka jikoni akaongeza, "Lakini uso ule uliorudi nao siku uliyofeli, mimi sijauona tangu tuoane. Fanya unavyoona."

Mkuu wa chuo aliipokea barua yake ya kuacha kazi akaisoma mara mbili. Hakumlaumu. Alisema kijana wa mchoro atashika karakana kwa muda, na akamwomba awaage wanafunzi vizuri, maana wamemzoea.

Hilo la kuaga ndilo lililomshinda. Siku ya mwisho alipanga aseme mwanzo wa kipindi, hakusema. Akapanga aseme katikati. Mashine ya kukerezea ilikuwa inanguruma, vijana wameizunguka, binti yule amevaa miwani ya kinga anakereza ekseli yake ya kwanza na nyuzi za chuma zinamwagika chini zikiwa za moto. Mzee Tupa alisimama nyuma ya bega lake.

"Punguza mwendo kidogo. Sikia inavyolia."

"Nimesikia, Mzee. Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Alivua ovaroli akaiweka juu ya meza ya mwisho. Akavaa koti. Kijana wa mchoro alimwona kutoka upande wa pili wa chumba, akainua mkono nusu, akaushusha.

"Mzee, unaenda stoo?" binti akauliza bila kugeuka. "Utuletee na mafuta, haya yameisha."

"Endelea," alisema. "Usiondoe macho hapo."

Akatoka. Uwanja ulikuwa na jua kali, akaupita bila kuharakisha, akapita geti akiwa amekaza macho mbele. Ndani ekseli iliisha, binti akazima mashine, akaifuta, akaipima mwenyewe. Wakakaa juu ya meza wakimsubiri na mafuta mpaka kengele ya mchana ikalia, na Mzee Tupa hakurudi.