Wastani Tisa

Mkuu wetu wa shule alikuwa na sheria moja iliyonitoa jasho kuliko ualimu wenyewe: kwenye ripoti ya mwanafunzi, neno lisijirudie. Ukiandika "fair" kwenye Historia, basi kwenye Jiografia tafuta lingine. Alisema mzazi akiona neno moja limeshuka safu nzima atadhani mwalimu alikuwa anasinzia. Sasa walimu pale Mpanda miaka hiyo ya tisini tulikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo mwalimu wa darasa ndiye aliyejaza maoni ya masomo yote. Mimi nilikuwa na watoto themanini na wawili wa kidato cha pili.

Wenye akili sana hawakunisumbua, na waliofeli kabisa hawakunisumbua. Taabu yangu ilikuwa wale wa katikati, wenye alama arobaini na kitu, hamsini na kidogo, nao ndio walikuwa wengi. Hapo ndipo nilipokipenda Kiingereza. Nilikuwa na kijidaftari nilichokusanyia maneno yao: "fair", "average", "satisfactory", "moderate", "passable", "reasonable", "not bad", "quite good". Nikiokota jipya kwenye gazeti kuukuu nilifurahi siku nzima. Nilijiona fundi kweli kweli. "Satisfactory" nilipenda kumpa mtoto mwenye sare safi, na "quite good" aliipata yule aliyenisalimia vizuri asubuhi hiyo. Naona haya kuyasema leo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Nilipanga chumba Ilembo, kwa mama mmoja mjane, Mpimbwe wa Usevya. Tulikubaliana chumba tu. Wiki ya kwanza akachungulia sufuria yangu, akasema hawezi kukubali mtu afie nyumbani kwake halafu watu wamlaumu yeye. Tangu siku hiyo nikawa nakula kwake. Siku moja aliniuliza wali ukoje, nikamjibu, "Si mbaya." Akaninyang'anya sahani. "Si mbaya wanasema kwa vidonge vya klorokwini," akaniambia. "Chakula ama umekipenda, ama hukukipenda." Nilimpenda mama yule, na bado nampenda.

Binti yake wa pekee alikuwa darasani kwangu. Pale nyumbani nilimjua kwa shikamoo ya asubuhi na kwa ndoo ya maji ya kuoga aliyoniwekea mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno.

Shule ilipofungwa Desemba, kaka yake mama akaja kutoka Usevya. Mvua zilikuwa zimeanza, ana majaruba ya mpunga, anataka mikono. Tena kuna kijana wa huko amekwishaulizia habari za binti. Yeye kama mjomba aliona mtoto amesoma vya kutosha, na kama si wa kufaulu, ya nini kung'ang'ana? Dada yake akamwambia, "Ngoja. Mwalimu wake si huyu hapa tunakaa naye? Atusomee ripoti. Akisema anafaa, anabaki. Akisema hafai, kesho utaondoka naye."

Wakaniita ukumbini tulipomaliza kula. Mama akanikabidhi karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe. Nikakohoa kidogo.

"Historia, fair. Maana yake ni wastani," nikasema. "Jiografia, satisfactory. Nayo ni… wastani. Biolojia, moderate." Nikakitafuta Kiswahili chake, nikakitafuta tena. "Wastani."

Nilipofika somo la sita mjomba alikuwa ameshanizoea. Nikitaja neno la Kiingereza tu, yeye ananimalizia, "Wastani," na hakukosea hata mara moja. Alicheka mpaka akafuta machozi. Mama hakucheka.

"Mwalimu, hayo ni maneno tisa?"

"Tisa, mama."

"Yote neno moja?"

"Yanatofautiana kidogo."

"Kidogo namna gani?"

Angeniuliza kati ya "moderate" na "passable" ipi afadhali, ningeumbuka.

"Basi dada, tumesikia," mjomba akasema huku anainuka. "Mtoto ni wa wastani. Mpunga haubagui."

"Kaa chini," mama akamwambia, kisha akanigeukia. "Mwalimu, huu mwaka wa pili unakula kwangu. Karatasi iweke pembeni. Nakuuliza wewe, huyu mtoto akoje darasani?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kumsifia, nikamwokoa, na mambo yangeishia pale. Lakini mama alikuwa ananitazama usoni, nami nimeshiba ugali wake.

"Sijui, mama," nikasema. "Wako themanini na wawili. Hana fujo, hafeli, haulizi swali. Hata dawati analokalia darasani silikumbuki. Hayo maneno niliyapanga tu yasijirudie."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyokaguliwa mbele ya darasa. Nilikaa nikisubiri kuambiwa nifungashe.

Mama akamgeukia kaka yake. "Umemsikia? Anamfundisha kila siku na hamjui. Wewe mara ya mwisho kumwona alikuwa darasa la nne. Mimi mwenyewe namjua wa jikoni. Sasa nyie mnataka kumwoza mtu ambaye hakuna anayemjua? Mwache mwaka mmoja. Mwalimu amjue kwanza, ndipo tuzungumze."

Mjomba alibisha sana. Alisema mwaka ni mavuno mazima, na kijana hatasubiri. Mama akamjibu kwamba asiyeweza kusubiri mavuno mamoja huyo si mkulima. Kesho yake asubuhi mjomba alipanda lori peke yake.

Lori lilipoondoka, mama akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mwakani ukinisomea wastani tena, yeye anaondoka na wewe unahama." Hakuwa anatania.

Jioni ile nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa binti, amekumbatia madaftari yake yote tisa. Jana yake, tulipokuwa tukimjadili, alikuwa jikoni, na jiko na ukumbi vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, tena usiofika juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akayaweka madaftari juu ya kiti changu, akayalinganisha kingo.

"Mimi nakaa nyuma kabisa," akasema, "dawati la mwisho, upande wa kabati. Hunioni kwa sababu ya wale wavulana warefu. Na mimi ubao siuoni vizuri. Ila nikisikia unavyosema, huwa naandika yote."