Kiti cha Commandant

Kanisani kwetu hakuna aliyemwita mjomba wangu kwa jina lake. Wote walimwita Commandant, na kwa sababu hiyo hiyo mke wake aliitwa Maman Commandant. Mgeni angedhani ni mwanajeshi mstaafu. Ukweli ni kwamba Tonton, ndivyo nilivyomwita mjomba, alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman, mwenye kazi ya kuinua na kushusha kizuizi cha magari. Cheo chake alikuwa amekipata kwenye mchezo.

Habari yenyewe, jinsi nilivyoisikia katika miaka niliyokaa kwao Ganshoren nikisoma, ni hii. Tonton alipofika huku ughaibuni kutoka Lubumbashi, naye akiwa mwanafunzi, kulikuwa na ukumbi wa michezo jirani na stesheni ya Gare du Midi. Ndani yake kulikuwa na mashine kubwa ya ndege ya kivita. Ulitia sarafu, ukakaa kama rubani, ukafunga mkanda, na kiti kililala kushoto na kulia pamoja na ndege. Tonton alidai kwamba siku moja alimaliza safari nzima kwa sarafu moja tu, mbele ya marafiki wawili, nao wakampa cheo.

“Shahidi moja iko Canada, mwingine iko mbinguni,” Shemasi alizoea kusema. “Commandant, juu ya nini batu yako yote balienda mbali vile?”

Shemasi alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, mfanyakazi wa nyumba ya wazee, na rafiki mkubwa wa Tonton. Kila Jumapili baada ya ibada alikula kwetu, na kila Jumapili alimtania.

Kosa lilikuwa langu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilisoma kwamba mchezo ule umefufuliwa ili uchezwe nyumbani kwenye televisheni, na mimi nilikuwa na mashine ya michezo niliyoinunua kuukuu kwenye soko la Jumapili la Midi. Nikalisema jambo hilo mezani. Shemasi aliweka uma chini.

“Voilà! Aruke hapa, tuone. Pièce moja, sarafu moja tu, sawa vile anasemaka. Akimaliza, mi nanyamaza mpaka kufa. Akianguka, dimanche, siku ya ibada, mbele ya kanisa lote namuita Papa Barrière. Na uyu atakuwa Maman Barrière.” Barrière ndiyo kile kizuizi cha magari.

Tonton alicheka. Maman hakucheka. Aliondoa sahani ya Shemasi kabla hajamaliza kula.

Mimi niliteuliwa kuwa katibu, kwa kuwa niliandika jarida la kanisa. Daftari ninalo hadi leo.

Mazoezi ya juma lile yalikuwa msiba. Picha zilikuwa nzuri kuliko zamani, mawingu unaweza kuyashika, lakini mwili wa Tonton ulikuwa umejifunza kuruka katika kiti kinacholala. Ndege ikienda kushoto naye alilala kushoto, na sofa haikumfuata. Alianguka juu ya mito ya sofa huku ndege ikiingia mlimani. Siku ya kwanza niliandika: “Milima minane.”

“Miye niko muzuri,” alisema. “Ni sofa njo mubaya.”

Maman alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. “Na bale batu mu zile ndege zingine, bamefanya nini?”

“Ni maadui.”

“Ya nani?”

Kwa zaidi ya miaka ishirini Tonton hakuwahi kuuliza.

Jumatano alirudi kutoka kazini na kiti cha ofisi chenye magurudumu, kilichotupwa na wakubwa wa jengo lake. Alikuja nacho kwa metro, na kwa kuwa behewa lilijaa, alikalia kiti chake mwenyewe katikati ya abiria na kushika nguzo. Shemasi alipopigiwa simu alikubali kuja kukilaza kushoto na kulia kwa mikono yake. “Asipate kisingizio,” alisema.

Jumamosi mchana tulifunga mapazia. Maman aliomba kwanza, kama tunavyomwombea yeyote anayepanda ndege: rubani, injini, upepo, watu wa uwanja wa ndege, viza. Sala ilichukua dakika kumi na moja, nilizipima. Kisha Tonton akakaa, mkanda wa gauni la Maman ukafungwa kiunoni mwake, na Shemasi akashika kiti kutoka nyuma.

Na lazima niandike ukweli: aliruka vizuri mno. Shemasi alimlaza kushoto, akamlaza kulia, na ile miaka yote ikarudi mikononi mwa Tonton. Bahari ilipita. Mawingu yalipita. Makombora yalimkosa. Shemasi alianza kusahau yuko upande gani.

“Kuya huku, Commandant! Kuya! Iko nyuma yako!”

“Minaiona! Lalisha kiti!”

Tulifika kwenye bonde jembamba la mawe, karibu na mwisho. Shemasi, kwa furaha, alilaza kiti kuliko kilivyoweza. Gurudumu likateleza, goti la Tonton likagonga meza, kidude cha kuchezea kikamtoka mkononi na kuangukia sofani, kando ya Maman. Ndege ikavunjika kwenye mwamba. Skrini ikauliza kama tunataka kuendelea, na tarakimu zikaanza kushuka kutoka kumi. Kubonyeza kulikuwa sawa na kutia sarafu ya pili. Shemasi alikuwa tayari amefungua kinywa.

“Papa Ba—”

“Tuombe!” alisema Maman, na kusimama. “Muntu ameanguka na ndege, munabaki kumuangalia tu?”

Kwetu sala ikianza hakuna kinachoguswa. Sufuria inaungua, simu inalia, mgeni anangoja mlangoni, macho yanafungwa. Shemasi, kwa sababu ya kazi yake ya kanisa, alifunga wa kwanza. Tonton aliinamisha kichwa kama mtu anayezikwa. Mimi nilikuwa katibu, na katibu akifunga macho nani ataandika?

Tarakimu ilikuwa sita. Maman alikuwa ameinua mkono wa kulia juu. Wa kushoto ulishuka polepole kwenye sofa, ukapapasa, ukapata kidude. Kidole chake gumba kilipita juu ya vitufe vyote, kimoja kimoja, kama anayechagua nyanya. Kwenye mbili skrini iliwaka.

“Amina,” alisema. Haikuwahi kutokea sala yake iwe fupi hivyo.

Wenzangu walifumbua macho. Ndege ilikuwa inaruka.

“Eh!” alisema Tonton, akakinyakua kidude na kupiga kona. “Lalisha kiti!”

“Ngojeni kwanza,” alisema Shemasi, huku mikono yake ikikilaza kiti. “Nani amefinya?”

“Nani aliona?” aliuliza Maman.

Shemasi alinigeukia. “Secrétaire, uliona nini?”

Maman naye alinitazama. Kusema nilichoona kulikuwa kukiri kwamba niliangalia wakati wa sala, mbele ya shemasi.

“Nilikuwa nimefunga macho,” nilisema.

“Bon,” alisema Maman. “Donc, basi, ni Mungu.”

Dakika chache baadaye Tonton alitua. Alifungua mkanda wa gauni na kutupungia mkono, akiwa bado kitini. Jumapili Shemasi alimsalimu mlangoni mwa kanisa: “Bonjour, Commandant,” na hakuongeza neno. Tonton alimjibu kwa saluti.

Mchana ule Maman alipika kuku. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya baba mwenye nyumba, aliiweka kwenye sahani yangu. Tonton hakugundua. Alikuwa amesimama, mikono ikiwa kama mabawa, akimweleza Shemasi jinsi alivyotoka bondeni.