Miguu ya Senge Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kule karibu na Chwele, Jumapili moja saa saba mchana, kanisa letu zima lilishindwa kutoka nje. Saa naikumbuka kwa sababu ya njaa.

Dada yake baba, Senge Nafula (senge kwetu ni shangazi), alikuwa amepooza miguu tangu utotoni. Alijisukuma kwa mikono kila mahali, ila ngazi za kanisa zilimshinda. Wanaume wawili walimbeba kama gunia la mahindi, naye akifumba macho mpaka wamtue. Jumapili iliyotangulia walimsahau, mvua ikamnyeshea nje tukiimba. Jumapili hii ya njaa akaomba atuliwe kizingitini. Ibada ilipokwisha, akainyoosha miguu yake kwa mikono, ikaziba mlango.

Kwetu hakuna aliyethubutu kuruka miguu ya mtu aliyeketi. Kukhu, nyanya yangu, alitufundisha kwamba ukiiruka, udhaifu wake utakuhamia. Leo nina digrii, na bado nazunguka.

"Nafula, toa miguu bana, watu wana njaa," mzee wa kanisa alisema.

"Rukeni. Si mmeokoka?"

Mzee akapandisha suruali, akaitazama ile miguu, akaishusha suruali. Mama mmoja alicheka mpaka akaketi.

"Sasa unataka nini, dada?" mzee akauliza.

"Njia ya mteremko, niingie na mikono yangu. Nimechoka kubebwa."

Kukhu akasimama. Nilidhani atamkemea binti yake.

"Muahidi hapo mbele ya watu," akamwambia mzee, "ama tulale hapa."

Mzee akaahidi kuanza kesho yake. Senge akaikunja miguu kwa mikono, mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

Nilipokua nilimuuliza kama yeye mwenyewe aliiamini imani ile ya kuruka miguu. Akacheka. "Miguu hii haikuwahi kunifanyia kazi. Siku hiyo ilifanya." Nilicheka naye, ingawa jambo moja huniuma. Tulimpenda sana Senge, na miaka yote hiyo tukampenda akiwa chini ya ngazi, mpaka woga ulipotusukuma.

Usiku wa Jumapili ile nililala kwa wasiwasi, nikihofia mzee atasahau. Asubuhi, kabla ya shule, nilichukua karai la mama nikakimbia kanisani. Wanaume walikuwa wameanza kupanga mawe, Senge ameketi kando akiwaelekeza. Nikajaza karai udongo, nikalibeba kichwani, nikaumwaga pale Senge aliponionyesha kwa kidole.