Siku Tulipoijaribu Tochi Ziwani

Majina ya watu wa habari hii nimeyageuza yote, na mtaa wetu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa mkabala na Burundi, sitautaja. Jina langu tu nimeliacha. Mimi ni Noella, na niliyoyasema siku ile niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ninayetaka mumjue ni jirani yangu Gaspard. Alizaliwa Kiringye, kwa Warundi wa bonde la Ruzizi, akafanya kazi ya umeme katika kiwanda cha sukari cha Kiliba. Alitunza taa za uwanja wa miwa, na alizoea kuzitaja moja moja kama mtu anavyotaja ng'ombe wa baba yake. Vita vya kwanza vilipokuja mwaka 1996 na kazi ikaisha, alihamia Uvira na mkewe. Mwaka uliofuata mke akafa kwa kipindupindu, naye akabaki peke yake, anaziba ndoo na mabeseni yaliyopasuka mbele ya mlango wake. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye ubishi juu ya kitu kimoja tu duniani, nacho ni mwanga. Ukimpitia na tochi mkononi atakuita, ataifungua, ataikwangua kutu, kisha atakuambia kioo chake cha ndani kimefifia na kwamba umebeba giza mfukoni. Nilimcheka sana. Marehemu mume wangu alisema Gaspard angeoa taa kama padri angekubali.

Vita vya pili, vya 1998, vilipofika mwaka wake wa pili, viboko walikuwa wametuzoea vibaya. Wenye silaha walikuwa wametuwekea amri ya kutotoka usiku, na viboko wakagundua kwamba binadamu wamefungiwa ndani. Walipanda kutoka ziwani giza likiingia, wakala mboga zetu za lengalenga na majani ya viazi hadi kwenye ukuta wa jikoni. Walimuua mama mmoja aliyetoka kuanua nguo. Tochi zetu za betri mbili hazikuwasumbua. Ulimulika, kiboko akakutazama, akaendelea kutafuna.

Basi Gaspard akaleta habari ya kununua tochi kubwa kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukaungana nyumba kumi na moja. Tulikutana uani kwangu kila Jumapili, sisi Wakatoliki tukimngoja mwalimu Basile, ambaye ibada yao Waprotestanti haikuwa na haraka ya kwisha. Ungesikia mabishano hayo ungedhani tunachagua askofu. Wengine walitaka ya betri sita, wengine ile inayofungwa kwa waya kwenye betri ya gari. Nakiri kwamba hata mimi, niliyeingia kwa ajili ya lengalenga tu, baada ya wiki chache nilikuwa najadili ukubwa wa kioo kama mtu aliyesomea. Nje kulikuwa na vita, kila siku habari mbaya, na sisi tulikuwa na kitu kimoja kizuri cha kungojea.

Dereva mmoja alituletea kipande cha boksi kutoka Bujumbura, kina picha ya tochi, na kimeandikwa kwamba mwanga wake unafika kilomita moja. Hapo Basile akagoma.

"Kilomita moja ni mbali sana," alisema. "Muntu wa duka anaweza kuandika kila kitu ku karatasi. Minye naona mita mia tano, haipite pale."

"Mwalimu," Gaspard akamjibu taratibu, "weye uko muntu wa chaki. Taa minye naijua. Ikifika, tutaipima, na utaona."

Tangu siku hiyo mtaa mzima uligawanyika, wa mita mia tano na wa kilomita. Viboko tulikuwa karibu kuwasahau.

Tochi hiyo ilifika baada ya miezi minne, ikipitia mpaka wa Kavimvira chini ya magunia ya chumvi. Ilikuwa pana kama sufuria ya wali wa watu wanne. Kiongozi wa mtaa alituombea ruhusa kwa wakubwa wa jeshi, nao wakakubali tufukuze viboko kati ya saa moja na saa mbili za usiku, isizidi hapo. Gaspard akasema kipimo kifanyike ziwani, kwa sababu nchi kavu nyumba zinazuia, lakini juu ya maji hakuna kinachozuia. Tukashuka wote, na watoto wetu, betri ya gari imebebwa kwa toroli.

Kwanza akawamulika viboko. Gaspard alikuwa ametufundisha siku nyingi kwamba kiboko hamulikwi akaachwa. Unamshika machoni kwa mwanga, unamfuata kila anakokwenda, humwachii mpaka ageuke aingie majini. Alifanya hivyo kwa wanne, mmoja baada ya mwingine, na wote wakageuka. Tulishangilia kama watu wa harusi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mkewe afe, na usiku ule alicheka.

Ulimi hauna mfupa. Mimi ndiye niliyesema, "Sasa piga mbali, papa Gaspard. Piga mbali kabisa, mwalimu anyamaze."

Akaunyanyua mwanga. Ukapita juu ya maji, ukaenda, ukaenda, na mbali sana, mbali kuliko mita mia tano za Basile, ukaangukia mtumbwi. Ulikuwa umejaa watu. Wakati ule waliokimbia kwenda Burundi waliondoka saa hizo, kabla ya doria kuanza, na sisi tulilijua jambo hilo kama tulivyojua majina ya watoto wetu. Lakini usiku ule hakuna aliyelikumbuka. Tuliona mwanamke amekinga uso kwa mkono, tukaona hata rangi ya kitenge chake, njano. Watu wa kilomita wakapiga vigelegele. Gaspard akawafuata na mwanga, kama alivyowafuata viboko. Mtumbwi ukakata kulia, naye akakata kulia. Ukakata kushoto, naye akarudi nao. Halafu haukuonekana tena, ni maji matupu.

"Imeishia pale," Basile akasema. "Pale njo mwisho wa mwanga. Nakubali, inafika karibu kilomita."

Tukampigia makofi. Gaspard akazima, tukapanda nyumbani tukiimba. Ninapoandika haya nasikia ule wimbo na ninaona haya.

Asubuhi maji yalileta kidumu cha njano, godoro la sifongo, na kiatu cha mtoto. Jioni yakaleta watoto wawili na bibi mzee. Tulisimama pale ufukoni watu wa tochi, nyumba zote kumi na moja, kila mmoja akitazama kwingine. Waliowazika walisema ni dhoruba, ingawa upepo haukuvuma usiku ule, nasi tukaitikia kwamba ni dhoruba.

Kikundi kilikufa bila kuvunjwa. Viboko walirudi, wakala mashamba yetu wapendavyo, na hakuna aliyemwomba Gaspard tochi. Basile akahamia mji wa Baraka. Gaspard aliifunga tochi kwa gunia, akaifukia nyuma ya choo. Akaacha kuwasha hata kibatari, akawa anakula gizani. Mara nyingine, jioni, nilimsikia kupitia ukuta wa udongo akihesabu watu: mmoja kwenye usukani, wawili na makasia, mama wa kitenge, watoto. Hakufikia jumla moja. Siku moja walikuwa tisa, siku nyingine kumi na wawili. Mchana alikwenda Kavimvira kuwauliza waliorudi kutoka Burundi kama wamesikia habari za mtumbwi fulani, na alirudi bila jibu. Mimi nililala vibaya pia. Nilikuwa nikiota ule mkono uliokinga uso, na katika ndoto ulikuwa wangu.

Baada ya miaka miwili alikuja mwanamke wa Runingu, jina lake Pélagie, akapanga chumba nyuma ya nyumba yangu na watoto wawili waliobaki, Vainqueur na mdogo wake. Alimpelekea Gaspard beseni la kuziba. Nilikuwa nimekaa hapo, na mazungumzo yakaenda yanakokwenda siku zote, kila mtu vita vilimkuta wapi. Pélagie akasimulia bila kulia. Walikuwa kwenye mtumbwi, usiku, maaskari wa Uvira wakawamulika kwa taa kubwa na kuwapigia kelele. Kila walikokimbilia taa iliwafuata. Walingoja risasi. Watu wakalala wote upande mmoja kujificha, mtumbwi ukapinduka. Alipoteza binti yake Délice, mama mkwe wake, na mtoto wa jirani. Mumewe aliokoka, akafia ukimbizini.

Gaspard alimaliza kuziba beseni. Alikataa malipo.

Jioni ileile aliniita. "Noella, minye siwezi kunyamaza. Nikimwambia, hata akinipeleka kwa waaskari, hata akinipiga na mutwangio, ni sawa. Nitapumua." Nikamwambia nitakwenda naye, kwa kuwa sauti iliyomtuma ilikuwa yangu.

Tulimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Gaspard akapiga magoti juu ya mchanga, mtu mzima yule, akasema yote, tochi, kipimo, kilomita. Nami nikasema sehemu yangu. Pélagie hakuacha kutwanga mpaka tulipomaliza.

"Ile taa ilitufuata," akasema. "Tulienda huku, inakuja. Tulienda kule, inakuja. Juu ya nini ulitufuata, papa?"

"Nilikuwa na furaha," Gaspard akasema. "Nilikuwa na furaha, mama. Njo hiyo tu."

Pélagie akausimamisha mtwangio ndani ya kinu. Nilidhani atapiga yowe mtaa ukusanyike, na kusema kweli nililitaka yowe hilo.

"Vainqueur anajua waaskari njo waliua dada yake," akasema mwishoni. "Ile ameshaizoea. Waaskari wako mbali, hawana jina. Sasa nimwambie ni muzee wa kuziba beseni, na mama Noella mwenye kumupa viazi? Ataishi hapa na nani? Mulikuja mupumuzike. Hapana. Muende na ile kitu yenu. Muinyamazie, mpaka mufe."

Tukaenda nayo. Gaspard alikuwa amekuja kuutua mzigo, akarudi nao umeongezeka. Pélagie hakuhama. Alitusalimu kila siku, kwa adabu, kama watu wengine. Vainqueur akampenda yule mzee, akawa anakaa naye, akajifunza kuziba mabeseni, na alipokua akamjengea choo kipya, akamletea samaki, akamwita babu. Kila alipomwita hivyo, Gaspard alichelewa kidogo kuitika. Miaka kumi na mitatu nilimtazama akichelewa.

Alikufa mwaka 2014. Vainqueur ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyebeba jeneza mbele, na alilia hadi watu wakamshika. Pélagie alisimama karibu nami, amenishika mkono juu ya kiwiko, na hakuniachia mpaka udongo ukajaa.

Tukirudi, Vainqueur alinifikia njiani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Noella," akasema, "weye ulimujua babu kupita sisi wote. Juu ya nini alikuwa anaogopa mwanga? Hata nikiwasha taa ya simu yangu, alikuwa anafunika uso na mukono."

Mama yake alikuwa hatua mbili nyuma yetu, anasikia. Nilimwambia macho yalikuwa yanamuuma.