Mtoto wa Gunzi

Juzi binti yangu alikuwa anacheza gemu la kutisha kwenye simu. Sungura mzuri wa katuni alibeba mwanasesere mgongoni, akimbembeleza, mara mwanasesere akafumbua macho. Binti yangu akapiga kelele, kisha akacheka.

Mimi nikakumbuka utoto wangu kijijini Suguti, kando ya ziwa, na harufu ya dagaa juani, wiki ile tuliyomzika mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mama alichukua mtoto wangu wa gunzi, mwanasesere niliyekuwa nikimchezea, akamfunga mgongoni kwa kanga aliyokuwa akimbebea mdogo wangu, akaendelea kugeuza dagaa huku akiimba taratibu. Mama hakuwaga na muda wa michezo yangu, kwa hiyo nilifurahi sana.

"Mama, nipe na mimi nimbebe."

"Subiri, mwanangu. Ndo kwanza kalala."