Mrija wa Mzee Wabwile na Pipa la Sabuni

Jua halijapanda vizuri Kabuchai, Bungoma, na Wilkista Nelima ameinamia sahani ya maji jikoni kwake. Anadondosha mafuta machafu ya kukaangia. Yanatanda juu ya maji, meusi na yenye kiburi. Kisha anaongeza tone moja la maji ya kahawia aliyoyateka kwenye pipa lililo kando yake. Mafuta yanakimbilia ukingoni kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu.

"Umeona? Wameshiba, sasa wanafanya kazi," anasema, akilipapasa pipa kama mtu anayemsifu ng'ombe wa maziwa.

Anaowasifu ni bakteria. Mama huyu wa watoto watatu aliwapata katika udongo ulioloa oili nyuma ya gereji moja mjini Bungoma, baada ya kuhudhuria kozi fupi Kitale kuhusu taka za mashambani na viwandani. Anawalisha molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki miwa ikishatoa sukari, pamoja na mafuta yaliyochoka ya kukaangia. Nao wanatoa kitu cha kufanya kazi ya sabuni: kinayalazimisha mafuta na maji kupatana.

Ila wanataka hewa. Wilkista akipiga pampu ya baiskeli, povu linapanda. Majirani wanaapa kwamba siku moja liliruka ua, likammeza jogoo mwekundu, naye akatokea upande wa pili akiwa mweupe na mwenye adabu. Jogoo yupo, na kweli ni mweupe.

Mwezi uliopita pipa hilo nusura limwagwe.

Tabby Nyaguthii, mwenye kiwanda kidogo cha krispi za viazi mjini Kitale, ndiye humpa Wilkista mafuta machafu. Alikuwa amemwambia alete sabuni Jumamosi, aoshee trei zake za kukaangia. Ikisafisha, atainunua kila mwezi. Isipofika, atabaki na ile ya dukani.

Alhamisi, harufu ya molasi inayochacha ikatembea kijiji kizima. Huku harufu hiyo ina maana moja tu: chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Naibu chifu Wekoye akafika na askari wawili, tayari kumwaga.

"Chifu, ukimwaga hii umemwaga mbegu yangu yote," Wilkista alimsihi. "Bakteria wote wamo humo. Nitaanza upya wapi, na Jumamosi ni keshokutwa?"

Akaleta sahani, akayafukuza mafuta mbele ya watu. Wekoye hakutikisika.

"Mama, hata chang'aa ya jirani yako Wakoli inasafisha kabureta. Nipe mtu ameionja na hajalewa."

Kisha Mzee Wabwile, baba mkwe wa Wilkista, akakohoa.

Kwa mila za Wabukusu, baba mkwe hakanyagi jikoni kwa mke wa mwanawe. Tena huyu ni mzee wa kanisa, na Pasaka alikuwa ametangaza mbele ya waumini kwamba ameachana na busaa, pombe ya nafaka inayonywewa chunguni kwa mrija mrefu, na mrija wake ameuchoma.

"Mimi nimeionja," alisema. "Jana. Kwa dirisha. Sikuingia!"

"Baba! Hiyo si ya kunywa!"

"Kwa dirisha na nini?" mkewe aliuliza. "Si mrija ulichoma?"

Mzee aliangalia chini. Mrija wa busaa si mchezo. Wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ukiwa umeketi Kimilili unaweza kunywea chungu kilicho Lwakhakha, mpakani na Uganda.

"Nilichoma ya mtu mwingine," alisema. "Naibu chifu, nilivuta mara moja tu. Jioni nzima nikifungua mdomo kuomba, ni mapovu. Lakini kichwa kiko sawa, bana. Hiyo si pombe. Pombe mimi naijua."

Wekoye alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Pipa likabaki.

Jumamosi mafuta yalitoka kwenye trei za Tabby. "Mbili tulisugua kidogo pembeni," anasema kwa simu kutoka Kitale, "lakini nimemwambia alete tena. Na huyo mzee aache kunywa sabuni yangu."

Mrija wenyewe haukurudi mikononi mwa mzee. Umefungwa kwenye bomba la pampu, unashusha hewa hadi chini ya pipa, kwa bakteria.

"Walikuwa wanakosa pumzi huko chini," anasema Wilkista. "Baba ametusaidia mara mbili."

Sasa anatafuta mabati. Anataka kulitoa pipa jikoni na kujenga karakana kando ya migomba, yenye nafasi ya mapipa mengine.

"Mlango utakuwa upande gani?" sauti inauliza kutoka nje, chini ya dirisha.

"Upande wako, baba. Pale hapatakuwa jikoni kwangu. Utaingia kwa miguu yako."

Mzee Wabwile anaipima ahadi hiyo.

"Basi, mama," anasema, "weka na kiti."