Ploti nzima imefunga, nani ataonja chai?

Saa tisa alasiri, mtaa wa Majengo, mjini Embu. Jua limepiga mabati tangu asubuhi na jiko la Mwanarusi, kona ya chumba iliyotengwa kwa pazia, halikaliki. Anachuja chai kutoka sufuria kubwa kwa kitambaa cheupe, anamimina juisi ya maembe, anakoroga. Kisha anafanya jambo ambalo mpishi yeyote angelishangaa: anaweka mwiko chini bila kuonja.

Hawezi kuonja. Ni Ramadhani, na amefunga.

Siku nyingine hilo lisingemsumbua sana. Lakini kamati ya futari ya msikiti wa mtaa ilimpa wiki moja ya majaribio kuwaandalia waumini chai baridi ya matunda, na jana chai hiyo ilirudi nyumbani majagi yakiwa yamejaa. Hassan, mwenye bucha anayesimamia futari, amempa jioni ya leo tu. Ikikataliwa tena, waumini watanunuliwa soda hadi Idi.

"Nikipoteza hii, nimepoteza na harusi," anasema mama huyo wa watoto watatu, ambaye majirani humwita Mama Latifah. "Wale wote wanaoa baada ya Idi, wazee wao ndio wanakaa kwa hiyo mkeka. Wakisema chai yangu ni mbaya, hakuna mahali nitaenda kuiuza."

Mwanarusi alizaliwa mji wa Maua, ambako mamake aliwauzia strungi, yaani chai isiyo na maziwa, watu wa kufunga mabunda ya miraa. Siku moja ya jua kali birika zima lilipoa bila wateja. Mama hakutaka kumwaga, akaikamulia matunda ya pasheni na kuitia sukari. Wanaume walikunywa, na kesho yake wakaiulizia.

Alipoolewa Embu na Jamaldin, fundi wa pikipiki, Mwanarusi alikuja na ujuzi huo. Hakupokewa kwa vifijo. Hapa Embu mgeni akipewa chai bila maziwa huelewa kwamba ng'ombe amekauka, au kwamba mwenyeji anataka aondoke. Chai yenyewe ikiwa baridi, hapo umetafuta ugomvi.

"Mteja wa kwanza aliniuliza maziwa iko wapi," anakumbuka. "Wa pili akaniuliza kama gesi imeisha."

Kilichomwokoa ni joto. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, wafanyakazi wa ofisi za serikali na wanafunzi wa chuo kikuu hununua chupa yake ndogo kwa Sh50, na siku nzuri hubaki na faida ya Sh900. Mwezi wa Julai, mji ukiwa umejifunika masweta, haulizwi na mtu. Hapo huchoma mandazi na kungoja.

Upishi wake hauna siri kubwa. Maji yakichemka huyaepua, hutia majani ya chai na kufunika kwa muda mfupi, kwa sababu yakikaa sana chai huwa chungu. Huichuja, huipoza ndani ya beseni la maji, kisha huiongezea juisi ya maembe ya Mbeere na pasheni. Barafu huigandisha kwa vikopo vya siagi katika friza ya bucha ya Hassan, na watani wa mtaa hawaachi kumuuliza kama leo ni chai ya matunda au ya matumbo.

Sukari huja mwisho, na hapo ndipo kuna kazi. Kila gunia la maembe lina utamu wake, na pasheni changa zinaweza kukukunja uso. Hakuna kipimo, ni ulimi tu.

"Shekhe aliniambia naweza kuonja na ncha ya ulimi, niteme," anasema. "Lakini mimi najijua. Hiyo chai itakuwa imeshuka kabla nikumbuke kutema."

Ndiyo maana Ramadhani ya mwaka jana aliajiri ulimi wa jirani yake Karimi, mwanamke mshonaji wa sare za shule, Mkatoliki, anayeishi mlango wa pili katika ploti hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga. Malipo yalikuwa jagi moja kila jioni. Karimi alionja, akasema ongeza au wacha, na mwezi ukaisha salama.

Mwaka huu Mwanarusi alimwita tena. Siku mbili za kwanza maembe yalikuwa matamu na chai ikanyweka. Jana akafungua gunia jipya. Karimi alipeleka kijiko mdomoni, akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Iko sawa, Mama Latifah."

Haikuwa sawa. Msikitini mzee mmoja alikunywa funda moja, akachungulia ndani ya glasi, akamuuliza aliyekaa kando yake kama hiyo ni dawa ya malaria. Wengine waliweka glasi chini kwa adabu na kuomba maji.

"Nilishikwa na aibu," anasema Mwanarusi. "Nilirudi hapa nikalia nikiosha majagi. Hata Jamaldin hakuniongelesha."

Asubuhi Karimi aligonga mlango kabla hajafungua cherehani yake. Alikuwa ameyaona majagi yakirudi. Alisimama mlangoni, akasema bila kukaa.

"Mama Latifah, mimi sijaonja hata siku moja. Nilikuwa naweka kijiko kwa mdomo nikifunga meno. Niko kwa Kwaresima. Nimewachana na sukari."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana niliwacha nyama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukitangaza vile umefunga, si umejisifu? Halafu nilifikiria ukiniita na nikatae, utasema sikutaki."

Mwanarusi hafichi kwamba alikasirika. Alimwacha Karimi mlangoni na kurudi kumenya maembe. Baadaye akaanza kuhesabu majirani kichwani, akitafuta wa kuonja. Jamaldin amefunga. Watoto wake watatu, kwao hakuna chai iliyozidi sukari. Mpangaji wa nyuma, Abubakr, amefunga. Ireri, mlinzi wa lango, ana ugonjwa wa sukari na daktari amemkataza. Karimi ndiye huyo.

"Ploti nzima imefunga," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Ungenipiga picha nikiita wapita njia waonje chai."

Basi yeye na Karimi, hasira ikiwa imepoa, wamebadilisha utaratibu. Leo sukari haikuingia kwenye sufuria. Imechemshwa peke yake na maji hadi ikawa nzito, ikatiwa katika chupa ya chai yenye mfuniko. Magharibi ikiingia waumini hufungua kwa tende na maji, kisha huingia kuswali kabla ya kurudi mkekani kula. Mwanarusi atakuwa na muda huo tu: tende moja, maji, kijiko.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wako uani mwa msikiti. Karimi ndiye amesukuma mkokoteni wenye majagi. Adhana inatoka. Mwanarusi anakula tende yake bila haraka, anasoma dua, anakunywa maji. Kisha anaonja chai na uso wote unakunjamana.

"Ni kali," anasema. "Mimina."

Karimi anamimina. Mwanarusi anakoroga, anaonja, anaomba tena. Karimi anaharakisha, na sukari kidogo inamwagika kwenye leso yake. Mara ya nne Mwanarusi anafumba macho, kisha anaweka kijiko chini na kutia barafu.

Wanaume wanarudi. Mzee wa jana anashika glasi kama mtu anayeshika waya wa umeme. Anakunywa funda, anangoja, anakunywa yote. Anasogeza glasi mbele ijazwe.

Hassan anakuja mwisho na jagi tupu. "Mama Latifah, kesho leta mapema kidogo," anasema. "Na hivyo hivyo mpaka Idi. Wewe wacha mambo ya soda."

Mwanarusi anaitikia, halafu anaingia upande wa wanawake kuswali. Kabla hajaenda anasema mpango wake: oda za harusi, friza yake mwenyewe, na mashine ndogo ya kukamua ili mikono ipumzike. Pasaka ikifika, anaongeza, atamgongea Karimi na jagi asubuhi kabla ya misa.

Karimi anabaki na mkokoteni. Mwandishi anamuuliza ni kwa nini mwaka huu alichagua sukari, mshonaji anayejulikana ploti nzima kwa kutia vijiko vinne vya sukari kwenye chai.

Kwanza anapanga majagi matupu juu ya mkokoteni.

"Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inaanza, nilimwambia Mungu, mimi nitakaa bila sukari, wewe mpatie Mama Latifah hiyo oda ya msikiti."

Mwanarusi mwenyewe anajua?

"Hapana. Jana nilifikiria ni mimi nimemharibia na hiyo maombi yangu." Anafuta leso palipomwagika. "Wewe andika tu. Wacha asome kwa gazeti, kwa sababu mimi kumwambia uso kwa uso siwezi."